Kuchangisha wasikilizaji na kupigia kura zilipendwa kwenye redio ya jamii, Mtwara

Mwana_Mikindani
Wakuu, habari za mchana. Redio yetu ya jamii hapa Mtwara ina kipindi cha zilipendwa Jumapili, saa 2 hadi saa 4 usiku. Tunataka wasikilizaji wachangie mafuta ya jenereta, halafu wapige kura tupate nyimbo 50 za kufungia mwaka. Simu hazikauki, ila hela haiji. Kura za majaribio nazo zimejaa watu walewale. Kanda zetu nyingine zina sauti iliyofifia, kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Tuanzie wapi?

Korosho_Ghafi
Mkuu, usiombe "mchango", omba lita. Jenereta ya kVA 5 hunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa saa, kwa hiyo kipindi chako ni lita 4. Sema hivyo hivyo hewani: "Jumapili ijayo lita 4, mpaka sasa tunazo 2." Mtu wa Nanyamba anaelewa lita kuliko "gharama za uendeshaji".

Hela iingie kwenye lipa namba yenye jina la redio, siyo simu ya mtangazaji. Jina hutokea kabla mtu hajaweka namba ya siri. Akiona jina la mtu binafsi anaghairi. Mwisho wa mwezi someni mapato na matumizi, hata kama ni elfu kumi na tano tu. Mchangiaji mtajeni jina na kijiji akiridhia, kiasi msikitaje, maana wa 500 akisikia mwenzake katoa 20,000 hatarudi.

Halafu msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, basi ombeni Novemba na Desemba. Ukiomba Machi watu wako shambani na mfukoni hamna kitu. Tangazo liwe la dakika moja mwanzoni na moja kabla ya wimbo wa mwisho. Kukatiza wimbo ili kuomba hela ni kujiharibia.

Karani_wa_Kura
Kura na hela visikutane kabisa. Classic FM, redio ya muziki wa klasiki ya Uingereza, hupigisha kura kila mwaka tangu 1996, na msikilizaji huchagua vipande vitatu kwa mpangilio. Igeni hapo: wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Mtu akichagua kimoja tu, orodha hutekwa na nyimbo tano ambazo kila mtu anazijua.

Hao "watu walewale" wengine ni kosa la jedwali. Namba ileile huingia mara ikianza na 0, mara na +255, na kompyuta huona watu wawili. Bakiza tarakimu 9 za mwisho ndipo ufute marudio ya jina lilelile kwa namba ileile.

Kazi kubwa ni majina. NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma ni bendi moja iliyobadilisha jina. Sikinde na Mlimani Park ni kitu kimoja. Lakini bendi za Morogoro Jazz na Super Volcano msiziunganishe, ingawa mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe yumo kote. Fungueni safu tatu: wimbo, bendi, mwimbaji. Mpeni mtu mmoja tu kazi ya kusahihisha tahajia.

Fundi_Kanda
Kufifia huko mara nyingi ni hedi (kichwa cha redio kaseti kinachosoma kanda) chafu au imekaa upande. Isafishe kwa spiriti ya asilimia 90 na kuendelea na pamba ya masikio, subiri ikauke. Bado? Geuza skrubu ndogo ya pembeni ya hedi polepole, robo mzunguko haufiki, mpaka matoazi yasikike. Sauti ikiyumba, mkanda wa mpira umelegea. Kanda yenye unga mweupe ni ukungu wa hewa yetu ya pwani: usiicheze, itachafua hedi na kuambukiza nyingine. Kanda za C-120 (za dakika 120) ni nyembamba, hunasa, zicheze mara moja tu ya kuzihamishia kwenye kompyuta.

Ukihamishia kwenye kompyuta, chukua sauti kwenye tundu la laini ("line out") la redio kaseti, siyo la hedifoni. Hifadhi faili la WAV (sauti isiyobanwa), 44.1 kHz, na sauti ya juu kabisa isizidi −6 dB. Santuri za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) nyingi zina wimbo uliokatwa pande mbili. Unganisha, la sivyo chemko (sehemu ya mwisho ya wimbo, mdundo unapochangamka) inabaki upande wa pili. Na tafadhali waambieni watangazaji waache kuukata wimbo ukiingia kwenye chemko! Ndicho wazee wanachokisubiri.

Mwana_Mikindani
Shukrani wakuu. Sasa nyumba yenye simu moja na wapiga kura wanne, Bibi yumo?

Karani_wa_Kura
Ruhusuni majina matatu kwa namba moja, kila jina na ujumbe wake. Wa nne apige simu ya studio, karani aandike. Namba ikileta majina matatu yenye nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule, hesabu moja.