Wapiga gitaa wa Nyanda za Juu Kusini, kazi yangu siyo biti ya bure!

Wakuu, leo mtanivumilia, nimefura.

Tuna kundi letu la WhatsApp, wapiga gitaa wa Mbeya, Iringa na Njombe, la kurushiana kazi mpya. Mimi napiga gitaa kavu tu, muziki wa taratibu wa kutuliza kichwa, haina kuimba. Narekodi kwa simu usiku, huku Mwanjelwa, Mbeya, mtaa ukishanyamaza. Mvua ikianza kupiga bati, usiku huo ndo umeisha. Na hii baridi ya Julai, unatyuni, unainuka kunywa chai, ukirudi nyuzi zimeshahama.

Nikarusha kazi moja humo, nikaomba maoni. "Kali mkuu, sasa weka ngoma iamke." Mwingine, "mashairi yako wapi?" Hayo nimezoea, nameza.

Sasa mdogo wangu kanitumia video: jamaa wa kundi hilohilo, mtu mzima ninayemwita kaka, kaweka gitaa langu kwenye tangazo la gesti, na jina lake kama mtunzi! Kumuuliza, eti "si ulirusha mwenyewe dogo, ile ni biti tu."

Na wala hawezi kukana. Kwenye rekodi yangu kuna bodaboda inapita inabadilisha gia, pale ninapoachia waya wa sita nilioushusha hadi noti ya D. Yeye kaongeza kinanda na mwangwi, bodaboda bado inapita palepale. Nayo kaitunga yeye?

Najua watakuja wa "ungesajili COSOTA kwanza", ile ofisi ya hakimiliki. Kasomeni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kazi inalindwa tangu inapotungwa, usajili ni wa kukusaidia kwenye ushahidi. Na muziki unalindwa uwe na maneno au usiwe nayo. Hiyo "biti tu" haipo kwenye sheria yoyote.

Admin naye kaniambia tuyamalize wenyewe, tusivunje umoja. Umoja gani? Vijana wa Tukuyu na Mafinga siku hizi wanarusha vipande vya sekunde chache wanaandika "inakuja", halafu haiji, wanaogopa kuibiwa. Siwalaumu hata kidogo.

Kaka, najua umo humu unasoma kimyakimya. Ishushe hiyo video, au andika jina langu na unipe fungu langu la hela ya gesti.