X10 inayogoma: niitengeneze, nihamie Insteon, au nianze upya na Z-Wave?

Mgeni_Columbus

Salaam wakuu. Mwaka jana nilinunua nyumba hapa Columbus, Ohio. Aliyeniuzia aliiacha na mfumo wa X10: swichi 9 za ukutani, moduli 6 za kuchomeka kwenye soketi, na kidude cha kupokea rimoti. Amri za kuwasha na kuzima zinapita kwenye waya zilezile za umeme. Mwanzoni niliupenda sana. Siku hizi taa ya korido inawaka inapotaka yenyewe. Nabonyeza mara tatu, kimya. Baada ya saa mbili nabonyeza mara moja, inawaka.

Kinachoniuma ni mama. Amekuja kutoka Muheza, ana miaka 74, na usiku huamka kwenda msalani. Juzi saa nane usiku nilimkuta amesimama gizani, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika rimoti, anabonyeza. Sitaki kuyaona tena.

Naona njia tatu. Kuitengeneza hii, kuhamia Insteon, ambayo inatumia waya za umeme pamoja na redio, au kung'oa vyote niweke Z-Wave, inayotumia redio peke yake. Nyumba ni ya miaka ya 1960. Aliyepita njia hii anisaidie.

Fundi_Chumbageni

Pole kaka, na mama mpe shikamoo yangu. Usinunue kitu bado. Washa jiko la umeme, lile kubwa lenye oveni, kisha bonyeza rimoti. Zima jiko, bonyeza tena. Ulete majibu.

Mgeni_Columbus

Nimejaribu mara 10 jiko likiwaka na mara 10 likiwa limezimwa. Likiwaka, taa imeitika mara 9. Likizimwa, mara 3. Jiko na taa ya korido vinahusiana vipi?

Fundi_Chumbageni

Hapo tumeshapata nusu ya ugonjwa. Nyumba za Marekani zinaingiza waya mbili za moto kutoka transfoma ya mtaani. Kila mmoja na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ni volti 120, na wenyewe kwa wenyewe ni volti 240. Soketi zako zimegawanywa, hizi upande huu, zile upande ule. Kama kidude cha rimoti kiko upande mmoja na taa iko upande wa pili, ishara inatoka hadi transfoma ya nje, inavuka, ndipo inarudi ndani. Inafika imechoka. Jiko lako limefungwa kwenye waya zote mbili za moto, hivyo koili zikiwaka zinakuwa daraja.

Dawa yake ni kapla, kifaa kidogo chenye kapasita kinachovusha ishara tu kati ya pande mbili. Kinafungwa kwenye ubao wa breka, nyuma ya breka pacha. Hilo mwite fundi mwenye leseni, usifungue ubao mwenyewe.

Nusu ya pili ni kelele. X10 ilibuniwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics, Glenrothes, Uskoti. Nyumba ya wakati ule ilikuwa na balbu za nyuzi, redio na friji. Ishara yake ni mlio mfupi wa kilohezi 120, milisekunde 1 tu, unaotumwa umeme unapovuka sifuri. Leo kila kona ina chaja. Nyingine zinapiga kelele kwenye masafa hayohayo. Nyingine zipo kimya ila zinameza ishara, kwa sababu zina kapasita pale umeme unapoingilia, na kwa kilohezi 120 kapasita hiyo ni shimo. Vitu vya kushuku kwanza: UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika), soketi za kurefusha zenye kinga ya umeme mkubwa, runinga, chaja za kompyuta.

Tafuta hivi. Zima breka zote isipokuwa za kidude cha rimoti na za taa ya korido. Taa ikiitika vizuri, rudisha breka moja moja, ukijaribu kila mara. Itakapogoma, umepata chumba. Ndani ya chumba chomoa kitu kimoja kimoja. Kuzima kwa swichi hakutoshi, chomoa.

Hata huku Tanzania tunayaona haya. Mita za Luku ambazo kibao chake cha kuingizia namba kinaongea na mita kwa waya za umeme, ukikichomeka pamoja na chaja mbovu kinakataa tokeni. Ukikihamisha soketi, zinaingia.

Nasra_Birmingham

Fundi yuko sahihi kwa waya, lakini mimi kwa mama yangu nisingeacha taa ya usiku kwenye X10. Swichi inatuma amri na haijui kama imefika, kwa sababu taa hairudishi jibu. Z-Wave kifaa kinajibu, na kisipojibu amri inatumwa tena. Vifaa vilivyo kwenye umeme wa nyumba vinapokezana ujumbe, kwa hiyo ukuta mmoja hausumbui. Ninayo hapa nyumbani, na hab yangu, kile kifaa kikuu kinachoongoza vingine, inafanya kazi hata intaneti ikikatika.

Angalia mambo mawili. Ya Marekani inatumia megahezi 908.42 na ya Ulaya 868.42, kwa hiyo usiagize vifaa kwa ndugu aliye Uingereza ukidhani umepata nafuu. La pili ndilo zito: nyumba ya miaka ya 1960 mara nyingi haina nyutro kwenye boksi la swichi, na swichi nyingi za Z-Wave zinaihitaji. Fungulia swichi moja, breka ikiwa imezimwa, uone kama kuna kifundo cha waya nyeupe nyuma.

Mkazi_StPaul

Mimi nina Insteon. Ilitoka mwaka 2005, na uzuri wake ni kwamba ujumbe unapita kwenye waya na hewani kwa pamoja, na kila kifaa kinaurudia kwa wenzake. Yale matatizo ya pande mbili za umeme sikuwahi kuyaona.

Lakini Aprili 2022 seva zilizimwa ghafla bila taarifa. Niliamka programu ya simu haifunguki, ratiba zote zimekufa. Swichi nilizounganisha moja kwa moja zenyewe kwa zenyewe ziliendelea, na hilo ndilo lililoniokoa. Juni mwaka huohuo kikundi cha watumiaji kiliinunua kampuni na huduma ikarudi. Nawaheshimu sana kwa hilo. Hata hivyo kwa anayeanza leo bila kifaa hata kimoja, ningechagua Z-Wave, kwa sababu kampuni moja ikifunga utapata vifaa kwa nyingine.

Mgeni_Columbus

Wakuu, Jumamosi nzima nimeshinda kwenye breka. Kila kitu kilienda vizuri mpaka niliporudisha breka ya chumba cha mama. Nimechomoa kipashio joto, hakuna mabadiliko. Nimechomoa taa ya mezani, hakuna. Nimechomoa chaja ya tableti anayosikilizia mawaidha, taa ya korido ikaitika mara 10 kwa 10, jiko likiwa limezimwa. Chaja yenyewe ni ile ya bei rahisi niliyoinunua mwenyewe alipokuja. Alikuwa anaichomeka usiku, saa zilezile anazohitaji taa.

Nimefungua swichi mbili za ukutani: waya mbili tu, hakuna nyutro. Hilo la Nasra limeniamulia kwa sasa. Nimeweka chaja nzuri na kichujio cha kelele kwenye soketi yake, fundi wa kapla anakuja Alhamisi. Na kwenye korido nimebandika taa mbili za betri zenye kihisi cha mwendo, hazitegemei X10 wala mtandao wowote. Mama hagusi tena rimoti usiku.

Limebaki moja: nimebadilisha balbu ya sebuleni kuwa LED, na nikiizima kwa swichi ya X10 inabaki na mwanga hafifu.

Fundi_Chumbageni

Hiyo ni kwa sababu ya kukosa nyutro. Swichi inapata umeme wake kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu. Balbu ya nyuzi haiuhisi, LED inauhisi. Kama taa ya sebuleni ina balbu zaidi ya moja kwenye swichi hiyo, rudisha moja ya nyuzi. Kama ni moja tu, rudisha ileile ya zamani hadi siku utakapopitisha nyutro. Na swichi ikiwa ni ya kupunguza mwanga, LED isiyoandikwa kwamba inakubali dima usiiweke kabisa.

Alhamisi fundi akimaliza kufunga kapla, rudia jaribio la jiko, mara 10 na 10. Namba zikilingana, kazi imekamilika.

Mgeni_Columbus

Leo Alhamisi, saa kumi jioni. Likiwaka 10, likizimwa 10.