Naomba ushauri: kura ya vigae ya Waathene inafaa kwenye kikoba?

Habari zenu wakuu. Nasoma sana historia ya Ugiriki ya kale, na safari hii mdomo umeniponza. Kwenye kikao cha kikoba chetu nilisimulia jinsi Waathene walivyopiga kura ya kumtoa mtu mjini: unakwaruza jina lake kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Kura zikitimia 6,000, aliyeongoza anaondoka miaka 10, ila mali yake haiguswi. Sasa wenzangu wanataka tuwapigie viongozi kura hiyo kila mwaka!

Naogopa. Mwaka 482 KK aliondolewa Aristides, mwanasiasa wa Athene. Inasimuliwa kuwa mtu asiyejua kuandika alimpa kigae bila kumtambua, amwandikie jina "Aristides". Kisa? Amechoka kusikia akiitwa Mwadilifu. Aristides akaandika, akamrudishia. Halafu kwenye kisima kimoja mteremkoni mwa Akropoli, kilima cha ngome mjini Athene, vilikutwa vigae 190 vyenye jina la Themistocles, mwanasiasa mwingine, vimeandikwa na watu 14 hivi tu. Yaani kura zilishapikwa nyumbani!

Sisi tuko 23. Mwenye uzoefu wa katiba za vikundi anisaidie: kura ngapi zitoshe kumwondoa kiongozi, na karatasi agawe nani?