Maziwa yanatoka, mimba sina, siku zangu zimekata. Nianzie wapi hapa Tanga?

Mshona Dera:
Wanajamvi, salaam. Naomba ushauri, matani wekeni pembeni kidogo. Nina miaka 31, nashona Ngamiani. Mwanangu wa mwisho yuko darasa la pili, kunyonya kaacha zamani. Tangu kabla ya Ramadhani sioni siku zangu, na nikiminya ziwa, la kulia au la kushoto, yanatoka maziwa. Si usaha wala damu. Nimepima mkojo zaidi ya mara moja, mimba hamna. Sindano ya uzazi wa mpango situmii. Kichwa kinauma, na naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Mama mkwe keshatoa hukumu: nina jini mahaba na nimemzalia, twende Pangani kwa mtaalamu. Mume wangu kila nikimuuliza anajibu "homoni", basi, anaendelea kula. Duka la dawa walitaka kuniuzia vidonge vya kurudisha siku, sikununua. Nianzie kwa daktari gani na nimwambie nini? Bima ninayo.

Kapteni wa Dau:
Kama kazaa na jini, jini alete matunzo ya mtoto. Pole dada, mimi sina la maana, nakaa hapa nasubiri wajuzi.

Mizizi Tiba:
Njoo inboksi. Dawa ya kusafisha kizazi na kuweka sawa homoni zote, dozi moja tu.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, huyo wa inboksi mpite. Homoni ziko nyingi na kila moja ina kazi yake, dawa ya kuziweka sawa zote haipo.

Ya kushuku kwako ni prolaktini. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na ndiyo inayotengeneza maziwa. Ikizidi inazizima homoni za kupevusha yai. Ndiyo maana mama anayenyonyesha mfululizo anakaa muda mrefu bila kuona siku zake.

Nijibu kwanza: unatumia dawa gani? Zote, hata za kununua bila cheti. Za tumbo, za kutapika, za presha, za usingizi. Wengi wanakimbilia picha ya kichwa na kumbe sababu wanayo kwenye mkoba.

Mshona Dera:
Shikamoo mama. Nameza domperidoni, tumbo linajaa na kichefuchefu hakiishi. Niliandikiwa zahanati, zilipoisha nikawa najinunulia. Hiyo nayo inahusika?

Nesi Mstaafu:
Marahaba. Inahusika sana. Dopamini, kemikali ya ubongo, ndiyo breki ya prolaktini, na domperidoni inaikata breki hiyo. Metoklopramidi hivyo hivyo, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni. (Anayetumia hizo za akili asiache kwa kusoma hapa, aongee na daktari wake.)

Lakini usiseme tumemaliza. Tezi ya shingo ikifanya kazi kivivu inapandisha prolaktini pia, na uchovu huo siupendi. Nenda Bombo au hospitali inayopokea bima yako, muone daktari wa akina mama au wa magonjwa ya ndani. Mwambie siku zilikata lini, maziwa yanatoka pande zote mbili, kichwa kinauma, kisha mpe boksi la dawa alione. Vipimo vya kuanzia ni mimba kwa damu, TSH (kipimo cha tezi ya shingo), prolaktini na figo. Na acha kuminya ziwa kila saa uone kama bado yapo! Kuminya kwenyewe kunapandisha prolaktini. Hata hofu inaipandisha, kwa hiyo ukifika maabara kaa upumue kwanza. Kwa mwanamke asiye na mimba wala hanyonyeshi, maabara nyingi huhesabu kawaida ni chini ya nanogramu 25 hivi kwa mililita.

Bint Makorora:
Shoga, yangu ilikuwa tezi ya shingo. TSH ilikuwa juu, nikaanzishwa levothairoksini, maziwa yakakauka taratibu na siku zikarudi. Uliza mapema kama kipimo cha prolaktini wanafanya papo hapo. Sampuli yangu ilisafirishwa Dar, nikakaa roho juu nikisubiri.

Mzee wa Mkonge:
Na kama ni uvimbe kichwani? Mnampotezea muda, aende MRI, ile picha ya kichwa, moja kwa moja.

Nesi Mstaafu:
Mzee wangu, inaweza kuwa uvimbe, sikatai. Ila uvimbe wa pituitari unaotoa prolaktini karibu wote si saratani, na wengi wanatibiwa kwa vidonge vya kabegolini au bromokriptini bila kupasuliwa. MRI inakuja damu ikishasema, pengine baada ya daktari kusimamisha domperidoni siku chache na kurudia kipimo. Hapo atapewa rufaa ya Muhimbili au KCMC. Asiyepaswa kusubiri foleni ni huyu: kichwa kimempasuka ghafla na anatapika, au macho yanapunguza kuona. Na ziwa moja likitoa damu au likiwa na uvimbe, hiyo ni safari nyingine kabisa, aende haraka.

Mshona Dera:
Macho mazima mama, uzi natunga kwenye sindano bila miwani.

Nesi Mstaafu:
Sindano iko mbele yako. Uvimbe ule ukikua unakula uoni wa pembeni. Funika jicho moja, tazama ukutani, mtu achezeshe kidole upande wa sikio. Kisha jicho la pili.

Mshona Dera:
Mume wangu kaacha sahani kaja kuchezesha kidole. Nakiona pande zote. Jumatatu Bombo, boksi la domperidoni nishalitia kwenye mkoba. Mama mkwe naye anataka kuja.

Nesi Mstaafu:
Njoo naye. Akae ndani asikie daktari anauliza nini.