Ushauri: Mzee wa kazini kanialika kuwinda dubu kwa mbwa, mimi nina upinde tu

MwanaZiwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni mtu wa Kigoma, nipo Boise, jimbo la Idaho, mwaka wa saba huu. Nachomelea vyuma. Karakanani kuna mzee mmoja, Mzungu wa milimani haswa, anafuga mbwa sita wa kuwindia dubu. Miaka miwili sasa ananifundisha upinde, huu wa kisasa wenye roda. Wangu unavuta pauni 55. Yadi 20 napiga mishale mitano na yote inaingia kwenye mduara wa kisahani cha chai.

Wiki iliyopita tulipanda juu ya Mto Payette kukagua njia za magogo. Kwenye tope tukakuta unyayo. Mzee akashuka kwenye pikapu, akalaza kiberiti chake cha gesi kando yake na kukaa kimya muda mrefu. Kiganja cha mguu wa mbele upana wake ulikuwa unakaribia inchi 6. Akasema, "Huyu namjua. Huyu hapandi mti." Kisha akasema mwezi ujao twende wote, yeye aje na mbwa, mimi nije na upinde, bunduki ataibeba yeye ya akiba tu.

Nilijibu ndiyo kabla sijafikiri. Sasa nafikiri, na usingizi umekata.

Maswali yangu: je, pauni 55 zinamtosha dubu wa namna hiyo? Kawaida mbwa humkimbiza dubu mpaka apande mti; kama huyu hapandi, nampigaje katikati ya mbwa sita? Nyama yake inaliwa? Na nyinyi mnaonaje, huu ni uwindaji au ni ubabe wa kumtumia mbwa afanye kazi yangu? Mama watoto ameshatangaza kwamba dubu hataingia kwenye friza yake.

---

Kipepe_Dar

Mkuu watu wanakwenda Marekani kutafuta maisha, wewe unatafuta kifo kwa nauli yako mwenyewe. Sisi huku tunawindwa na mwenye nyumba tu na tunashukuru.

---

Fundi_Upote

Mwacheni mwenzenu, kauliza la maana. Nimeishi Idaho, nikahamia jimbo jirani, na nimekwenda na watu wa mbwa mara nne. Niseme ninachokijua.

Kwanza pauni 55 zinatosha. Sheria ya Idaho yenyewe inaanzia pauni 40. Dubu si tembo. Mbavu zake si nene, na mapafu ni makubwa kuliko unavyodhani. Shida yake ni manyoya na mafuta. Ukimtoboa upande mmoja tu, mafuta yanaziba tundu na manyoya yananyonya damu, unabaki kutafuta tone moja kila baada ya hatua thelathini, giza linaingia. Kwa hiyo unataka mshale uingie na utokee upande wa pili. Achana na vyembe (vichwa vya mshale) vya kufunguka vyenyewe. Weka chembe cha kudumu, kinoe mpaka kinyoe malaika za mkononi, na mshale uwe na uzito. Wepesi wa mshale ni sifa ya dukani.

Pili, mti. Watu wakisikia "dubu yuko juu ya mti" wanadhani unasimama chini na kuangusha embe. Ukisimama shinani unapiga kwenda juu kabisa, na kutoka chini unaona tumbo na makalio. Milima ya huko ina mteremko mkali, basi utumie. Panda kilimani mpaka ulingane naye kimo, hata kama umbali unaongezeka yadi kumi. Kutoka hapo unaona mbavu. Ngoja mguu wa mbele usogee mbele. Usiulize mshale unaingilia wapi, jiulize utatokea wapi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mbwa wafungwe kabla hujavuta. Kila mmoja avutwe nyuma na afungwe kwenye mti wake. Dubu aliyejeruhiwa akidondoka katikati ya mbwa, umemaliza kazi ya miaka ya mwenzako kwa sekunde mbili. Sasa jiulize: dubu akiwa chini, nani atawafunga mbwa? Hakuna. Ndiyo maana mzee kakuambia "huyu hapandi mti". Hakuwa anakusifia mnyama, alikuwa anakupa onyo.

---

Mgiriama254

Fundi amesema yote. Mimi niko Kilifi, nimeingia kwa sababu ya upinde. Wazee wa Kiwaata huku kwetu na kule Tsavo walikuwa na pinde za kuvuta zaidi ya pauni mia, bila roda wala nini, na mshale una utsungu. Walikuwa wanaangusha ndovu. Tangu 1977 uwindaji Kenya umepigwa marufuku, kwa hivyo hadithi imebaki kwa wazee. Lakini kitu babu alikuwa anatuambia ni kwamba mwenye upinde hasa ni yule anaweza kuuvuta na akarudisha. Kuachilia hata mtoto anaweza.

MwanaZiwa, usijaribu sumu huko. Utafungwa.

---

MwanaZiwa

@Mgiriama254 😂 sumu hapana kaka. Hata chembe kikubwa mzee anakikagua.

---

Dada_Mkweli

Samahani, mimi nitaharibu sherehe. Mnyama anakimbizwa na mbwa sita wenye mikanda ya GPS shingoni, mtu anaangalia skrini ndani ya gari lenye hita, halafu anashuka kumchoma mshale. Hapo ujasiri uko wapi? Mbona majimbo mengine huko huko yamekataza?

---

Fundi_Upote

Dada, swali lako ni halali na Wamarekani wenyewe wameligombania kwenye masanduku ya kura. Colorado walikataza mwaka 1992, Oregon 1994, Washington 1996, California wakapitisha sheria 2012. Idaho nao walipiga kura mwaka 1996 na pendekezo likashindwa. Kwa hiyo wasioupenda ni wengi tu.

Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona. Katika safari zangu nne, mbwa walipandisha dubu watano. Aliyeuawa ni mmoja. Wawili walikuwa majike, mmoja wao ana watoto. Mmoja alikuwa mdogo. Mmoja mwenye mbwa alisema tu "mzuri" na tukaondoka. Bila mbwa unamwona dubu sekunde tatu akikatiza mwanya, hujui dume au jike, unapiga. Ukiwa na mbwa, unakaa chini ya mti robo saa na darubini, unaangalia mpaka uridhike. Mimi sijui njia nyingine ambayo mwindaji anapewa nafasi kubwa hivyo ya kughairi.

Hilo la gari lenye hita nimelicheka. Gari linabaki barabarani. Mbwa wanavuka makorongo mawili na wewe unawafuata kwa miguu.

---

Dada_Mkweli

Sawa. Bado silipendi, ila nimekuelewa.

---

Abu_Nasri

Assalaam aleikum. Kuhusu nyama: kwa wenzangu Waislamu jambo liko wazi, mnyama mwenye meno ya kuchania kama huyu haliwi, na Wasabato nao nadhani hawamgusi. Mwenye uzi hakusema dini yake, kwa hiyo simlazimishi. Swali langu ni dogo: kama nyumbani haliwi, unamuua wa nini? Ngozi ya kutundika ukutani sebuleni kwenye nyumba ya kupanga?

---

MwanaZiwa

Wa aleikum salaam. Mimi ni Mkatoliki, sheikh wangu, na mzee anakula. Anasema dubu aliyeshiba matunda ya porini ni mtamu kuliko nguruwe. Ila swali lako limenichoma, sikatai.

---

Nesi_wa_Zamu

Kwenye kula hapo nisikilizeni vizuri. Nyama ya dubu ina minyoo ya trikinela, inajikunja ndani ya misuli, huioni kwa macho. Watu wanadhani friza inaiua. Aina zinazopatikana kwa dubu wa kaskazini zinavumilia barafu. Mwaka 2022 kuna ukoo ulikutana South Dakota, wakachoma mishikaki ya dubu aliyewindwa Kanada. Nyama ilikuwa imekaa kwenye friza siku 45. Ilikuwa nyeusi kwa rangi yake hivyo hawakujua kama imeiva, wakaanza kula mbichi mbichi, wakairudisha motoni. Waliougua ni sita, na wawili kati yao hawakula nyama kabisa, walikula mboga zilizopikwa pamoja nayo.

Nunua kipimajoto cha jikoni. Katikati ya nyama ifike nyuzi 74 za Selsiasi, usikisie kwa rangi. Ubao na kisu viwe vyake peke yake. Mishikaki hapana. Pika mchuzi, chemsha mpaka iachane na mfupa, kama makongoro.

Mwambie mama watoto nimemuunga mkono.

---

Mzee_wa_Maktaba

Mmenikumbusha kitu na hamjakitaja, nacho kinatuhusu watu weusi. Huyo mdoli wa dubu wanaolala naye watoto dunia nzima chanzo chake ni uwindaji huu huu wa mbwa. Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt alikwenda Mississippi kuwinda. Aliyeongoza mbwa alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa, bingwa wa dubu katika nchi ile. Mbwa wake walimzingira dubu kwenye maji wakati Rais ameondoka kwenda kula. Collier angeweza kumpiga risasi, lakini alikuwa ameahidi kumwachia Rais. Akamgonga kwa kitako cha bunduki, akamtia kamba na kumfunga mtini. Roosevelt aliporudi akakataa kumpiga mnyama aliyefungwa. Gazeti likachora katuni, muuza duka wa Brooklyn akashona mdoli akauita Teddy.

Sifa zote akapewa aliyekataa kupiga. Aliyemkamata dubu kwa kamba hatajwi. Miaka saba baadaye Roosevelt huyo huyo alishukia Mombasa na kuwinda wanyama wetu kwa mamia, na huko hakukataa sana.

Dubu hatimaye alimaliziwa kwa kisu. Hilo nalo huwa halisimuliwi.

---

Kipepe_Dar

Huyu mzee kila uzi anao mwaka wake. Heshima kwako mkuu.

---

Fundi_Upote

MwanaZiwa, ya mwisho kabla hujaenda. Hakikisha una leseni, tagi (kibali) ya dubu, na uulize kibali cha mbwa kinakuhusu vipi wewe mwenyewe, usitegemee cha mzee. Kuna maeneo mbwa hawaruhusiwi, soma kijitabu cha mwaka huu. Jike mwenye watoto haruhusiwi kabisa. Ukiua, una siku 10 kupeleka fuvu na ngozi kwa maofisa wakague, wanang'oa jino dogo kupima umri.

Na rangi isikudanganye. Dubu mweusi wa Idaho anaweza kuwa wa kahawia kama chai ya maziwa. Grizzly, dubu wa aina nyingine, analindwa, yeye ana nundu mabegani na kucha ndefu. Upande wa Payette hutarajii kumwona, lakini tazama mabega kabla ya kutazama rangi.

Kuhusu ule unyayo: upana wa kiganja cha mbele kwa inchi ukiongeza moja unapata kadirio la ngozi yake kwa futi. Huyo ni karibu futi saba. Ni dume zee. Mbwa sita si wengi kwake.

---

MwanaZiwa (mrejesho, wiki tano baadaye)

Wakuu nimerudi. Mikono yote ipo.

Siku ya kwanza mbwa walimpandisha dubu saa mbili asubuhi. Nilifanya alivyosema Fundi, nikapanda kilimani mpaka nikalingana naye. Mzee alishafunga mbwa. Dubu yuko yadi 24, ubavu wote mbele yangu. Nikatoa darubini kwanza. Juu yake, kwenye tawi, kulikuwa na kitu nilichodhani ni fundo la mti. Fundo likageuza masikio. Nilimwonyesha mzee kidole, akaangalia, akaanza kukusanya mbwa bila kusema neno.

Siku ya pili tukampata mwenye unyayo. Masaa manne hakusimama. Kwenye skrini vile vidoti sita vinatembea pole pole kama msafara wa harusi, vinashuka korongo, vinapanda. Tulipofika alikuwa amekaa kitako, mgongo kwenye jabali, mbwa nusu duara mbele yake. Yadi 15. Sijawahi kuona kichwa kipana vile, masikio yanaonekana madogo kama vifungo. Alikuwa anahema tu. Hakuonyesha hasira, alionyesha kuchoka na kero.

Nilivuta. Mgongo wa mbwa ukapita mbele ya pini ya kulengea, nikarudisha. Nikavuta tena, mbwa mwingine. Nikarudisha. Mgiriama, nilimkumbuka babu yako hapo. Mara ya tatu dubu akainuka, akapita katikati yao kama mtu anayetoka msibani, mkono mmoja akamfagia Sadie, akapotea kwenye vichaka. Mzee hakuinua bunduki. Akapiga filimbi ya kuita mbwa.

Sadie alichanika bega, ngozi imening'inia. Mzee ana kile kifaa cha kubana ngozi kwa pini, anakibeba kwenye mfuko wa shati kama mtu mwingine anavyobeba miwani. Nilimshika kichwa mbwa pale nyuma ya pikapu, tochi kinywani kwangu, na pini zilikuwa kumi na moja. Hakuning'ata. Alikuwa anatetemesha mdomo wa juu tu, upande mmoja.

Njia nzima ya kurudi tulikuwa kimya. Tulipofika kwake mzee akaingia bandani, akatoka na mtoto wa mbwa wa wiki tisa, wa Sadie, akanipakatisha. Kasema mtu anayerudisha upote (kamba ya upinde) mara tatu anaweza kufundishwa mbwa.

Kwa hiyo wakuu, ushauri mwingine. Mtoto wa mbwa yuko kwenye boksi ndani ya gari, naandika hapa nimeegesha nje ya nyumba. Ameanza kulia. Mama watoto amewasha taa ya barazani.