Zaina ametoka kwenye kikundi

Kikundi: WATOTO WA KOTA
Jumatatu

[Zaina ametoka kwenye kikundi]

Mama Zaina, 1:12 usiku
Poleni na kazi wote. Mmeona Zaina ametoka. Naomba mtu asimrudishe. Kwanza tuongee sisi wakubwa.

Mama Zaina, 1:16 usiku
Tangu ile picha ya Idd iwekwe humu, mtoto hali mchana. Anaenda shule na chupa ya maji, jioni ananiambia alikula huko. Mwalimu wa zamu kaniambia hajamwona kwenye foleni ya posho, ule ugali wa shule, hii ni wiki ya pili. Jumamosi alikuwa uani anafua. Jua la Busia mnalijua. Amevaa sweta la shule, zipu mpaka shingoni. Namwambia vua, anasema anasikia baridi. Jasho linamtoka kidevuni linadondokea kwenye beseni, na bado anasema anasikia baridi.

Baba Mdogo Juma, 1:20 usiku
Picha ipi shemeji? Ile ya chini ya mwembe kwa Jaja, bibi yake Zaina?

Mama Zaina, 1:21 usiku
Hiyo hiyo. Rudi juu usome yaliyoandikwa chini yake. "Huyu wa nyuma ni mama wa nani?" "Kumbe pilau lote liliishia huku." "Viuno hivyo, andaeni mahari." Nyuso za kucheka nimezihesabu, ni 17. Mtoto ana miaka 14, na alikuwa humu humu anasoma.

Baba Mdogo Juma, 1:34 usiku
La mama wa nani ni langu.
Shemeji, sikukusudia ubaya. Kwetu ukimwambia mtu amejaa umemsifu. Niliporudi kutoka Juba mwaka ule nimekonda, Jaja alilia mlangoni kabla hata ya salamu.

Senga (shangazi) Rehema, 1:50 usiku
Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote nikisubiri teksi. Juma, nakuamini. Lakini wewe ulikuwa mtu mzima, umeumwa, ukaambiwa umejaa ukajua afya imerudi. Zaina mwili wake umebadilika mwaka huu huu na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari. Hajauzoea. Asubuhi anaangalia mapaja anajiuliza ni ya nani. Halafu anafungua simu, anamkuta baba yake mdogo naye anauliza huyu ni nani.

Senga Rehema, 1:58 usiku
Na hilo la "kwetu unene ni sifa" lisitufariji. Kule Fiji, visiwa vya Pasifiki, walikuwa kama sisi: mtu akipungua watu wanasikitika, wanamletea chakula. Televisheni ikafika mkoa mmoja mwaka 1995. Watafiti wakawauliza wasichana wa shule, hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Wakauliza tena mwaka 1998, 11 katika kila 100 wakasema ndiyo. Miaka mitatu tu. Na ile ilikuwa televisheni ya sebuleni, ikizimwa imezimwa. Zaina simu analala nayo.

Shamimu, 2:03 usiku
Senga, naomba niseme kidogo.

Senga Rehema, 2:03 usiku
Sema mwanangu.

Shamimu, 2:09 usiku
Mwaka 2019 nilikuwa S2, mwaka wa pili wa sekondari. Mnakumbuka waziri mdogo wa utalii alizindua shindano la wanawake wenye maumbo, eti livutie watalii? Watu wazima walibishana redioni wakamaliza. Darasani kwetu wavulana walichukua karatasi wakatupanga wasichana wote, nani mtalii atamlipia na nani atamrudisha. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mwembamba mno. Muhula mzima nilivaa kaptura mbili na kitambaa cha kanga ndani ya sketi. Niliungua mapaja kwa joto.

Senga Rehema, 2:11 usiku
Hukuwahi kuniambia.

Shamimu, 2:12 usiku
Hakuna aliyeuliza, Senga. Kila nikija likizo mlikuwa mnaniambia nile.

Senga Rehema, 2:20 usiku
Nisamehe. Nilikuwa nasema kama wengine.

Shamimu, 2:24 usiku
Zaina juzi alinionyesha video za wasichana wa Kampala anazotazama. Nikamwomba simu, nikafungua kamera, nikaweka filta ile ile wanayotumia. Pua yangu ikawa nyembamba, ngozi ikawa ya maziwa, taya likaingia ndani. Nikaizima. Nikaiwasha. Nikaizima. Alinyamaza, halafu akauliza, "Kwa hiyo hata wao wakizima wanajiona vibaya?" Sikuwa na jibu. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilitoa nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook: wasichana 32 katika kila 100 walisema wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram inawazidishia. Wenyewe wenye mtandao walikuwa wanajua.

Mama Zaina, 2:31 usiku
Kuna jingine. Nilikuwa naogopa kulisema.
Leo nimegeuza godoro nikakuta kopo la majarini, ndani krimu ya rangi ya waridi, harufu kali kama ya sabuni ya kuondoa kutu. Halina jina wala karatasi. Amekiri kuna msichana shuleni anauza kijiko kimoja shilingi 2,000. Amekuwa akipaka usoni na shingoni, na kwenye vifundo vya vidole. Nimeviangalia kwa tochi. Vifundo vimekuwa vyeusi zaidi, uso umekuwa mwekundu.

Senga Rehema, 2:33 usiku
Wifi, usilitupe. Lifunge kwenye mfuko, liweke mbali na watoto, nitakuja kuliona. Yule mdogo bado wanalala kitanda kimoja?

Mama Zaina, 2:33 usiku
Ndiyo, bado.

Senga Rehema, 2:41 usiku
Leo walale mbalimbali. Mkorogo wa hivyo mara nyingi una zebaki, au hidrokwinoni, au dawa kali za ngozi ambazo daktari hutoa kwa siku chache tu. Zebaki inapita kwenye ngozi inaharibu figo, na aliye karibu naye anaipata kwa shuka na kwa hewa. Hidrokwinoni ukiizoea inaweza kuacha madoa ya bluu na nyeusi yasiyoondoka. UNBS, shirika la viwango la Uganda, wamepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, ndiyo maana vinauzwa kwa kijiko chini ya dawati. Asipake tena, ila ngozi ikiwasha au kuvimba baada ya kuacha msishangae, na asirudie ili itulie. Kesho mpeleke kituo cha afya akaonwe. Waambie ukweli wote.

Na usimpige kwa ajili ya kopo. Nakuomba.

Mama Zaina, 2:42 usiku
Nilishainua mkono. Nikaona anavyojikunja, nikaushusha.

Mama Zaina, 2:44 usiku
Wifi, mimi mwenyewe kila siku mbele ya kioo nasema nimekuwa mbaya, nimekuwa mweusi, gauni la gomesi halinifungi. Anasikia. Amekua akinisikia.

Senga Rehema, 2:52 usiku
Tutaanzia hapo, mimi na wewe. Si kwa Zaina.

Mweleze pia mambo ambayo shule inayapitia haraka. Msichana akibalehe mafuta huongezeka nyonga na mapaja. Ndivyo mwili unavyojijenga, si ulafi wala pilau. Michirizi ya mapajani ni ngozi iliyovutwa haraka, itafifia. Titi moja kutangulia jingine ni kawaida. Wengine matiti huanza wakiwa na miaka 8, wengine 13, na wote ni wazima. Ndiyo maana dawati moja la S2 unakuta wamekaa mtoto na mwanamke, na wote wawili wanajiona wamekosea.

Chakula usikigeuze vita. Anarefuka, na kila mwezi anapoteza damu, anahitaji maharage, mboga ya dodo, dagaa wa mukene, yai likipatikana. Weka sahani mezani, kaeni mle pamoja, ongeeni mengine. Usihesabu matonge. Usimsifu kwa kumaliza wala kwa kubakiza.

Nina maswali mawili kuhusu hedhi na choo baada ya kula. Nijibu pembeni, si humu.

Baba Mdogo Juma, 3:05 usiku
Nilitaka kumtumia habari za Peace Proscovia. Binti wa Arua, mrefu kupita wote uwanjani, kafungia She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, kacheza Uingereza na Australia. Zaina naye ni mfungaji. Si alikuwa timu ya shule?

Mama Zaina, 3:06 usiku
Ameacha. Sababu ni ile sketi fupi.

Senga Rehema, 3:12 usiku
Proscovia mwongelee siku mnatazama mechi, kwa sababu mnapenda netiboli. Usimtumie leo kama dawa. Ataelewa kwamba mwili wake unaruhusiwa kuwa mkubwa kwa sharti la kufika Uingereza. Zaina hahitaji kufika popote ili aachwe ale chakula chake.

Sketi ndiyo jambo la kushughulikia. Wifi, mwulize mwalimu wa michezo kama wasichana wanaweza kuvaa kaptura ndefu chini ya sketi. Omba kwa ajili ya timu nzima, asitajwe yeye.

Baba Zaina, 3:30 usiku
Niko Arua, mtandao unakatika. Nimesoma.

Baba Zaina, 3:41 usiku
Mnajua zamani nilikuwa nikifungua pikipiki Zaina ananishikia tochi. Tangu ana miaka 6. Alikuwa anajua plagi, anajua spana namba 10 iko wapi kabla sijaitaja. Alipoanza kukua niliona si adabu msichana mkubwa kuchuchumaa na mimi uani, watu wanapita. Nikaanza kumwita mdogo wake. Hata kumshika kichwa niliacha. Niliona ndiyo heshima ya baba.
Mwaka jana aliniuliza, "Baba, mimi nina harufu?" Nikacheka nikamwambia kaoge. Sikumwelewa.

Senga Rehema, 3:44 usiku
Kaka.

Senga Rehema, 3:50 usiku
Siku mwili wake ulipobadilika ndiyo siku ulipomwondokea. Yeye ameunganisha hayo mawili. Wasichana wengi wananiambia hivyo pale kituoni, wanaanza na kichwa kuuma, mwisho wanasema "baba haniongeleshi siku hizi". Mpigie. Usimwambie yeye ni mzuri, hataamini leo. Mwambie pikipiki inakusumbua, muulize anaona nini.

Baba Zaina, 3:52 usiku
Kweli inanisumbua. Inazima kwenye mlima.

Shamimu, 4:10 usiku
Jaja ametuma sauti. Nawaandikia kwa wasioweza kufungua:
"Nimesomewa. Zaina ana miguu yangu na mabega ya marehemu mzee. Nyie wote mlibebwa kwenye mabega hayo kutoka kota mpaka hospitali, usiku, hakuna gari. Mkimcheka mnatucheka sisi. Picha ile ifuteni. Juma, nitakuona."

[Baba Mdogo Juma amefuta ujumbe]
[Ujumbe huu umefutwa]
[Ujumbe huu umefutwa]

Baba Mdogo Juma, 4:18 usiku
Nimefuta langu na picha. Waliobaki nanyi futeni. Nitamwomba radhi, lakini si kwa simu, nitakuja. Nimwambie nini Rehema?

Senga Rehema, 4:25 usiku
Mwambie ulichoandika, neno kwa neno, kisha useme ulikosea. Usiongeze "ilikuwa mzaha". Usimwambie amependeza. Ukimaliza nyamaza, hata asipojibu.

Jumatano

Mama Zaina, 12:40 jioni
Tumetoka kituo cha afya jana. Wamempima mkojo na presha, wametupa mafuta ya kawaida ya ngozi, tunarudi baada ya wiki mbili. Muuguzi alikuwa msichana mdogo, aliniomba nitoke nje waongee wawili. Walikaa nusu saa. Sikuuliza walisema nini. Amempa pia namba 116, ile ya Sauti, ni bure. Ameiandika nyuma ya daftari la hesabu.

Mwalimu wa michezo amekubali kaptura. Kasema kuna wazazi wengine wawili walikuwa wanalitaka na waliona haya kuuliza.

Baba Zaina, 12:55 jioni
Nilimpigia. Dakika tatu za kwanza ni "ndiyo baba, hapana baba". Nikamwambia pikipiki inazima mlimani ikiwa ya moto. Akaniuliza plagi ina rangi gani. Nikaenda kuifungua nikiwa kwenye simu. Nyeusi, kavu, kama masizi. Akasema, "Mafuta yanaingia mengi, kabureta hiyo." Tulikaa dakika 40. Fundi wa hapa leo kasema ni kabureta.

Mama Zaina, 1:02 usiku
Mchana bado. Leo kala viazi viwili, kaacha maharage. Sweta bado amevaa. Nami leo mbele ya kioo nilifungua mdomo nikaufunga.

Senga Rehema, 1:10 usiku
Sawa wifi. Jumamosi nina siku ya mapumziko, natoka Jinja na teksi ya kwanza. Kopo bado lipo?

Mama Zaina, 1:11 usiku
Lipo, juu ya kabati, kwenye mifuko miwili.

Mama Zaina, 1:26 usiku
Nimemwambia unakuja. Ameuliza, "Senga anakuja peke yake, au ni kikao?" Nikamwambia peke yake.

Mama Zaina, 1:27 usiku
Akasema basi aje. Na umletee kitabu cha netiboli chenye sheria mpya, ana mtu anabishana naye.