Tuliomo kwenye miezi ya mwisho ya ujauzito na mlioipita, tupeane uzoefu: nini kilikusumbua, nini kilikusaidia?

Mama Kijacho
Habari zenu wapendwa. Nimeingia wiki ya 36, mimba ya kwanza. Miezi ya katikati nilikuwa mzima kabisa, nafanya kila kitu. Sasa kiungulia kinanilaza nimekaa, nikipiga chafya mkojo unanitoka, na nikiinua mguu nivae suruali kinena kinauma mpaka napiga kelele. Usiku nikishapata usingizi kibofu kinaniamsha. Kila ninayemwambia ananijibu "ni kawaida". Sawa, lakini nimechoka na nataka kusikia wenzangu. Mlifanyaje?

Tausi
Kinena! Kumbe tupo wengi. Wiki ya 34 hapa, naumwa hicho hicho.

Bint Saada
Nimesoma "nikiinua mguu nivae suruali" nikajishika mwenyewe, na mtoto wangu ameshaanza shule. Yale maumivu sitayasahau. Niliambiwa kliniki kwamba viungo vya nyonga vinalegea ili njia ipatikane, na kwa wengine vinalegea hadi mifupa ya mbele inasagana. Kilichonisaidia: kuvaa nguo nikiwa nimekaa, kupanda ngazi moja moja nikitanguliza mguu ule ule, kushuka kwenye gari magoti yakiwa pamoja, na mto katikati ya magoti usiku. Ukitaka kugeuka kitandani, bana magoti kwanza ndipo ugeuke mzima mzima. Na usimbebe mtoto mwingine ubavuni.

Raha nayo ilikuwepo. Mtoto akipata kwikwi tumbo linaruka kwa mpigo mmoja, tunakaa mimi na baba yake tunaliangalia tu. Kile kitu nilikikosa sana baada ya kujifungua.

Mama Wanne
Tembea mwanangu. Mimba zangu zote nilitembea mpaka siku ya uchungu na watoto wote nilijifungua vizuri. Mkilala lala ndiyo viungo vinakaza.

Bint Saada
Mama, kwa heshima zote, mwenye kinena kinachouma akilazimisha kutembea sana ndiyo anaumia zaidi. Mimi nilijaribu, kesho yake nikashindwa kunyanyuka.

Mama Wanne
Mwili wako na wangu ni tofauti basi. Nasema nilichokiona.

Zainabu
Kiungulia ni nywele za mtoto hizo, Mama Kijacho. Andaa kitana.

Tausi
Hapana bwana. Dada yangu aliungua kifua miezi mitatu, mtoto katoka kipara.

Zainabu
Wangu wawili wote walitoka na nywele hadi shingoni, na kifua kiliniunguza wote wawili. Siwezi kusema uongo.

Mkunga Mstaafu
Wanangu, homoni za ujauzito zinalegeza ule mlango wa juu ya tumbo la chakula, na mfuko wa uzazi nao unasukuma tumbo kwenda juu. Asidi inapanda. Kula kidogo kidogo mara nyingi, usilale mara tu baada ya kula, inua upande wa kichwa wa kitanda. Ikizidi, omba dawa kliniki, zipo zilizo salama kwa mjamzito. Usivumilie tu kwa sababu umeambiwa wote wanavumilia.

Baba Wawili
Naomba na sisi kina baba tuseme. Mke wangu alikuwa akikazwa na msuli wa kigimbi saa nane za usiku, anapiga yowe, naruka kitandani nikidhani kuna mwizi. Nikafundishwa: nyoosha goti, shika vidole vya mguu uvirudishe taratibu kuelekea kwake, kisha ukande kigimbi. Ikafika mahali nafanya hivyo hata sijafumbua macho vizuri. Na asubuhi nakwenda kazini. Usingizi ule tuliukosa wote.

Tausi
"Wote". Wewe umekosa usingizi, yeye amekosa usingizi na amebeba mtu. Tusilinganishe.

Baba Wawili
Dada, sijalinganisha. Nimesema nilikuwepo. Wengine mnalalamika waume zenu hawaamki, mwenye kuamka akisema anasutwa?

Bint Saada
Hapo kaka ana haki yake. Tausi, wa kwako anaamka?

Tausi
Haamki. Ndiyo maana imenichoma. Samahani kaka.

Subira
Nilitaka kupita, lakini hayo maneno "ni kawaida" yamenisimamisha. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Ilikuwa wiki ya 33. Miguu ilikuwa imevimba tangu zamani na kila mtu alisema ni kawaida, na kweli miguu ya wajawazito wengi huvimba. Ila ilifika siku pete ikagoma kutoka kidoleni. Siku iliyofuata nimeamka uso umejaa, macho yamebanwa kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Kichwa kikaanza. Haikuwa kichwa nilichokizoea, kilikuwa kinagonga mbele na hakikusikia dawa.

Nikaenda kituoni. Aliyenipokea alifungua kadi, akaangalia tarehe, akasema siku yangu ya kliniki bado, nikapumzike na ninywe maji. Mashine ya presha ilikuwa mezani, naiona. Hakuigusa. Hakuniambia hata nikojoe kwenye kikopo.

Jioni nikaanza kuona vimulimuli, nikiangalia ukuta naona vinacheza. Maumivu yakaja hapa chini ya mbavu upande wa kulia, nikasema ni kiungulia. Nikatapika. Mume wangu alikuwa safarini. Wifi yangu ndiye alikuwa nami. Alisimama mlangoni akanitazama, akasema, "Wifi, vaa viatu tunaondoka." Hakuuliza, hakupiga simu kwa mtu kuomba ushauri. Nakumbuka mlango wa gari ukifungwa. Baada ya hapo ni vya kusimuliwa.

Nilipata degedege ndani ya gari, kichwa changu mapajani mwa wifi. Hospitali nyingine waliniingiza bila kuuliza kadi. Presha ilikuwa 180 kwa 120. Kifafa cha mimba. Nilipozinduka mwili wote unawaka joto na matako yanauma, nikaambiwa ni sindano za magneziamu, ndizo zinazozuia degedege lisirudi. Nikauliza mtoto yuko wapi. Hakuna aliyenijibu haraka, na ile kimya ya kusubiri jibu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote niliyopitia.

Alikuwa hai. Walimtoa kwa upasuaji, kilo 1.7. Nilipoweza kukaa wakanifunga naye kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, mchana na usiku, mpaka akaanza kunyonya mwenyewe. Leo anakimbia nyumba nzima.

Mimi sina ugomvi na miguu kuvimba. Nina ugomvi na mtu anayesema ni kawaida kabla hajapima.

Tausi
Subira, nalia hapa. Pole mno.

Zainabu
Pole mpenzi. Wifi kama huyo ni wa kutunzwa. Ni kituo gani hicho?

Subira
Sitakitaja. Wifi ndiye mama wa pili wa mtoto, anajua mwenyewe.

Hawa
Mimi sijapenda. Mtu kaja kuuliza habari ya kiungulia na kinena, mnamletea degedege na kilo 1.7. Wajawazito tunasoma haya usiku peke yetu. Hofu nayo inapandisha presha. Mngekuwa na huruma kidogo.

Subira
Dada Hawa, ningempata wa kunisimulia haya kabla, nisingekaa jioni nzima nikidhani ni kiungulia.

Mama Wanne
Wa kwanza wangu nilimzaa bila kupimwa presha hata mara moja. Siku hizi vipimo vimekuwa vingi na magonjwa nayo mengi.

Bint Saada
Mama yangu, ambao hawakupimwa wakafa hawapo hapa kutuandikia.

Mkunga Mstaafu
Msigombane. Nitasema yale niliyoyafanyia kazi maisha yangu yote.

Presha kuanzia 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 si ya kurudishwa nayo nyumbani bila kuchunguzwa. Inapimwa tena, mkojo unaangaliwa protini, damu nayo inaangaliwa. Kichwa kikali kisichosikia dawa, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla: hapo hungoji tarehe ya kadi. Unakwenda, na unasema kwa mdomo wako, "Naomba mnipime presha na mkojo." Ukikataliwa unakwenda kwingine. Na hata ukishajifungua bado uwe macho, kifafa hiki kinaweza kuja ndani ya siku na wiki za mwanzo baada ya mtoto kutoka.

Dada Hawa, hofu ya kusoma haileti kifafa cha mimba. Chanzo chake kinaanzia kwenye kondo la nyuma na mishipa yake. Lakini nimekuelewa.

Mama Wanne, zamani waliambiwa mahudhurio manne yanatosha. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri yasipungue manane, na matano kati ya hayo ni ya miezi hii ya mwisho. Hayakuwekwa pale kujaza kadi. Presha inaweza kuwa nzuri leo na wiki ijayo ikawa nyingine.

Mama Kijacho
Shikamoo mama. Nimesoma yote. Asubuhi nakwenda kupima hata kama siku yangu ni Alhamisi. Na mtoto je? Jirani kaniambia karibu na kujifungua hupunguza kucheza kwa sababu nafasi imekwisha.

Mkunga Mstaafu
Marahaba. Hapana, hilo limepoteza watoto. Mchezo unaweza kubadilika, mateke yakawa ya kujinyoosha na kusukuma, lakini hapunguzi. Wewe unajua saa zake na tabia yake. Ukiona amepungua au ametulia kuliko kawaida yake, nenda siku hiyo hiyo, iwe usiku iwe mchana. Usingoje kesho.

Mama Wanne
Na alalie ubavu wa kushoto tu.

Mkunga Mstaafu
Wa kushoto ni mzuri, wa kulia pia sawa. Tunachokikataza tangu wiki ya 28 ni kuanza usingizi chali. Akiamka akajikuta chali asihangaike, ageuke tu alale.

Tausi
Mama mkunga, nami nina langu. Viganja na nyayo zinaniwasha, usiku ndiyo balaa. Hakuna vipele. Nimebadilisha sabuni wapi.

Mkunga Mstaafu
Tausi, hilo usilitibu kwa mafuta ya kupaka. Muwasho wa viganja na nyayo bila vipele, tena usiku, unaweza kutoka kwenye ini, nyongo inazidi kwenye damu. Nenda kesho ukapimwe damu. Mara nyingi inadhibitiwa, ila inataka mama na mtoto wafuatiliwe kwa karibu.

Tausi
Na nilikuwa sitaki hata kuitaja, naona ni jambo dogo. Nakwenda.

Zainabu
Nirudi kwa Mama Kijacho. Utakuja kubanwa tumbo likawa gumu kama jiwe kisha likaachia. Mimi nilibeba mkoba mara mbili nzima narudishwa. Uchungu wa uongo ule unakuja bila mpangilio, ukibadilisha mkao au ukioga maji ya uvuguvugu unapoa. Wa kweli haujali umekaa vipi, unakaribiana na unazidi nguvu. Ila usione haya kurudishwa. Afadhali urudishwe. Na chupa ikipasuka unakwenda hata kama huna uchungu. Angalia na rangi ya maji: yakiwa ya kijani au yana damu, ndiyo uharakishe zaidi.

Baba Wawili
Na ile tarehe msiishikilie sana. Sisi wa kwanza ilipita, simu hazikatiki, "bado tu?" Mke wangu aliacha kupokea. Ni siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, makadirio tu. Wachache sana wanazaa siku yenyewe.

Mama Wanne
Ikipita anywe mafuta ya nyonyo.

Mkunga Mstaafu
Tafadhali, hapana. Yanampa kuhara na kuishiwa maji, na tumbo linaweza kubana ovyo bila mtu wa kumwangalia mtoto. Ikipita tarehe anakwenda kliniki, wanapanga naye namna ya kuanzisha uchungu.

Mama Wanne
Haya, nyonyo nimeacha. Kutembea siachi.

Mama Kijacho
Nimerudi kupima. Presha 118 kwa 76, mkojo safi, mtoto ametanguliza kichwa. Nesi aliniuliza mbona nimekuja kabla ya siku, nikamwambia nataka tu kujua. Akanipima bila neno. Subira, nilikufikiria pale kwenye benchi.

Subira
Umenifurahisha sana.

Hawa
Naomba niseme kilichonifanya niwake jana. Wiki ya 35, nimeambiwa mtoto amekaa kitako. Tangu hapo silali, kila ninachosoma ni kifo. Subira, hukunikosea.

Mkunga Mstaafu
Ungesema mapema mwanangu. Wiki ya 35 bado wapo wanaogeuka wenyewe. Mimba ikikomaa wanaobaki kitako ni kama watatu au wanne katika mia. Kuanzia wiki ya 36 au 37, kama hakuna kizuizi, daktari anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, hospitalini, mtoto akisikilizwa mapigo. Asipogeuka, mnajadili upasuaji au kuzaa na mtu mwenye uzoefu wa kitako. La muhimu usijifungulie nyumbani, na chupa ikipasuka usikawie hata kidogo, kamba ya kitovu inaweza kumtangulia mtoto.

Subira
Hawa, siku ya kwenda kuangaliwa kama amegeuka, nani anakusindikiza?

Hawa
Mume wangu yuko kazini mbali. Nilikuwa niende peke yangu. Nimemwomba wifi yangu, amekubali.